Muulize Mama Nesi: Lita nne kwa siku ni lazima?

Tangu joto la Dar lianze simu yangu imejaa meseji za maji. Nyingi zinafanana kwahiyo nimechukua chache, zilizokua ndefu nimezifupisha na majina nimeyatoa kama kawaida yetu. Nimekaa wodini miaka 22, na watu niliowaona wameumizwa na maji ni wa aina mbili, yule anaenyimwa na yule anaelazimishwa, na safari hii wote wameniandikia.

Shikamoo Mama Nesi. Nina miaka 34, naishi Tandika, napika chakula nauza. Grupu letu la WhatsApp la kina mama tumeanza chalenji ya lita nne kila siku kwa siku 30, asubuhi unapiga picha dumu lako limejaa, usiku unapiga likiwa tupu. Leo siku ya tisa. Usiku naamka mara nne na choo chetu kiko nje, tumbo limejaa maji hata chakula hakipiti, na tangu juzi kichwa kinaniuma. Nikisema nataka kuacha wananiambia vumilia mwili unatoa sumu. Kweli mtu anatakiwa anywe lita nne?

Marahaba mwanangu. Hapana, hatakiwi. Acha hiyo chalenji leo hii usingoje siku ya 30, na kama kuna mwenzio kwenye grupu kichwa hakiachi, anatapika au anaongea vitu visivyoeleweka asilale nyumbani, aende hospitali na akifika aseme kabisa amekunywa maji kiasi gani, maana wasipoambiwa watamtafutia malaria kwanza.

Nikueleze kwanini, najua ukirudi kwenye grupu watakubana. Kwenye damu kuna chumvi inaitwa sodiamu, ikiwa sawa karatasi ya maabara inasoma kati ya 135 na 145. Figo nzima zikikimbia sana zinatoa kama lita moja tu kwa saa, ukimimina zaidi ya hapo maji hayana pa kwenda yanaizimua damu, chumvi inashuka na seli zinaanza kuvimba. Mkono ukivimba una nafasi, ubongo uko ndani ya fuvu hauna nafasi, ndo hapo kichwa kinagonga, kichefuchefu, mtu anachanganyikiwa na mwisho wake degedege. Kwenye mbio za marathoni za Boston mwaka 2002 watafiti walipima damu ya wakimbiaji 488 waliomaliza, asilimia 13 chumvi yao ilikua imeshuka, na kilichowatofautisha zaidi na wenzao ni kwamba walikua wameongezeka uzito njiani, yani walikunywa kuliko jasho lililowatoka.

Sisemi we umefika huko. Mtu mzima mwenye figo nzima akigawa lita nne siku nzima na anakula vizuri mara nyingi mwili unamudu. Lakini we umeniambia chakula hakipiti, na hilo ndo limenishtua kuliko dumu lenyewe, kwasababu chumvi inaingia na chakula, sasa chakula umekata alafu maji umeongeza, hiyo hesabu sio nzuri.

Na hilo la sumu. Figo zako zinachuja kama lita 180 kwa siku, madumu tisa yale ya lita 20, na karibu yote zinarudisha mwilini, kinachobaki ndo mkojo. Kazi hiyo zinaifanya ukiwa umelala, ukiwa unasonga ugali, hazingoji chalenji. Mkojo ukiwa mweupe kama maji ya bomba maana yake ni maji yamezidi yanatolewa, haimaanishi umesafishwa zaidi ya jana.

Hizi namba za glasi nane na lita ngapi zimetoka mbali. Mwaka 1945 bodi ya chakula na lishe ya Marekani iliandika kwamba mtu mzima anahitaji kama lita mbili na nusu kwa siku, na hapohapo ikasema sehemu kubwa ya maji hayo tayari iko kwenye chakula. Watu wakabeba namba, sentensi ya pili wakaiacha. Mwaka 2002 profesa mmoja wa figo hukohuko Marekani, Heinz Valtin, alikaa akapekua tafiti zote alizoweza kutafuta ushahidi wa glasi nane kwa mtu mwenye afya yake, hakuupata. Wataalamu wa Ulaya mwaka 2010 walisema mwanamke lita mbili na mwanaume mbili na nusu, na humo wamehesabu kila kitu, chai, uji, maziwa, mchuzi, mpaka maji yaliyo ndani ya chakula ambayo ni kama sehemu moja ya tano hivi. We ni mpishi unajua, kilo ya mchele ikiiva haibaki kilo, yale maji uliyomwaga sufuriani hayajapotea mtu anayala. Tikiti zaidi ya asilimia 90 ni maji, mchicha vilevile.

Kwahiyo kwa mwanamke kama wewe kunywa lita moja na nusu mpaka mbili, chai ya asubuhi ikiwemo ndani yake, ni mwanzo mzuri. Siku umesimama kwenye moto wa mkaa toka alfajiri jasho linachuruzika mgongoni utahitaji zaidi, pengine hata lita tatu na zaidi, na siku ya mvua umekaa ndani utahitaji pungufu. Mwaka 2022 ulitoka utafiti mkubwa wa watu 5,604 kutoka nchi 23, mdogo kabisa ana siku nane na mkubwa miaka 96, wakapima maji yanavyoingia na kutoka mwilini, na walichokikuta ni kwamba watu hawafanani kabisa, wanaoishi kwenye joto na unyevunyevu na wanaofanya kazi za nguvu wanatumia mengi zaidi, umri nao unabadilisha. Sasa namba moja ya grupu zima inatoka wapi?

Mizani unayo mwenyewe kichwani. Damu ikikolea kidogo tu, asilimia moja mbili hivi, ubongo unajua, unawasha kiu na papohapo unatuma homoni kuziambia figo zibane maji. Ukishiba maji hata kinywa kinakataa, ile hali ya glasi kukushinda kumeza ni mwili unasema basi, usiulazimishe. Alafu kojoa kwenye kopo jeupe mara moja kwa siku uangalie, rangi kama ya majani makavu iliyopauka uko vizuri, ikianza kufanana na chai ya rangi kunywa. Ila kama umemeza vidonge vya vitamini B au uko kwenye dozi ya TB rangi itakudanganya, hapo tumia kiu.

Mama Nesi mi nafanya biashara Kariakoo, natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri narudi saa mbili usiku. Mchana sinywi kabisa maji. Choo kiko mbali, kinalipiwa na nikiingia naogopa hata kuchuchumaa, alafu nikiondoka kibandani nani ataniangalizia mzigo? Tatizo UTI haziniishi, mwaka huu hii ya nne, nanunua dawa duka la dawa zinaniisha wiki tatu zinarudi.

Mdogo wangu, barua yako nimeisoma mara tatu. Hawa wa chalenji angalau wana choo, hata kama kiko nje. Wanawake wangapi mjini hapa wanajinyima maji makusudi, wauza mboga, makonda wa kike, walimu wa shule ambazo tundu moja la choo wanagawana na wanafunzi, wadada wanaokaa kwenye vibanda vya miamala ya simu, wote hao mchana kutwa midomo mikavu na sio kwamba hawajui faida ya maji. Wanajua sana. Nlipokua mwanafunzi wa unesi hospitali moja nliyofanyia mafunzo ilikua inafunga choo cha wanafunzi usiku, funguo anayo mtu ambae hayupo, tukawa tunaingia shifti ya saa 12 bila tone la maji ili tusibanwe. Nlikua natembea kwenye wodi nagawa maji kwa wagonjwa mimi mwenyewe ulimi umeganda. Mpaka leo nikiona mtu anamwambia mwanamke wa sokoni "kunywa maji dada" bila kumuuliza anakojoa wapi roho inaniuma.

Mkojo ukikaa muda mrefu na ukiwa mzito bakteria wanapata muda wa kuzaana, mkojo ukipita mara kwa mara unawasukuma nje kabla hawajashika. Na hili halisemwi kwa kubahatisha, mwaka 2018 kilitoka kipimo cha kisayansi kwa wanawake 140 wanaosumbuliwa na UTI za kurudia waliokua wanakunywa kidogo, nusu yao wakaongezewa lita moja na nusu kwa siku, nusu wakaendelea na kawaida yao. Ndani ya mwaka walioongezewa waliugua wastani wa mara 1.7, wengine mara 3.2. Karibu nusu imekatika kwa maji tu.

Kwahiyo tunafanyaje na mazingira yako hayohayo. Ukiamka kunywa glasi mbili kabla ya kuoga, nusu saa baadae kojoa ukiwa bado nyumbani, alafu ongeza kikombe cha chai. Mchana usinywe chupa nzima kwa mkupuo ukabanwa ghafla, kunywa funda mbili tatu kila baada ya muda, hayo mwili unayatumia na kibofu kinajaa taratibu. Tafuta mwenzio wa kibanda cha jirani mpeane zamu, we unamwangalizia saa tano na yeye anakuangalizia saa nane, na ile pesa ya choo iweke kwenye hesabu ya mtaji kama unavyoweka nauli, ni ndogo kuliko dozi nne za mwaka huu. Choo chenyewe ukienda na kopo lako la maji ukamwagia kwanza, kuchuchumaa bila kugusa hakukupi UTI, UTI mara nyingi ni wadudu wa kwako mwenyewe kutoka nyuma wanakuja mbele, jisafishe mbele kwenda nyuma. Ukirudi jioni kunywa tena taratibu mpaka muda mfupi kabla ya kulala.

Lakini hiyo ya kununua dawa kila mara simama. Nenda kituo cha afya uombe kuotesha mkojo, sio ile ya kuangalia kijiti tu, waone ni mdudu gani na dawa gani inamuua, maana inawezekana unachomeza kimeshazoeleka. Ukipata homa na maumivu ubavuni karibu na mgongo siku hiyohiyo nenda, hapo mdudu amepanda kwenye figo.

Na uongozi wa masoko kama kuna anaesoma ukurasa huu, vyoo safi vya wanawake vyenye maji na kitasa ni dawa ya figo, tunawaomba.

Mama, mtoto wangu wa kiume ana miaka 11, hizi wiki tatu anakunywa maji sana hata usiku, na ameanza tena kukojoa kitandani wakati aliacha toka ana minne. Baba yake anasema ni joto. Nguo nazo zinampwaya.

Funga gazeti umpeleke leo kupima sukari. Ni kidole kinatobolewa na majibu ni sekunde chache. Kiu ya ghafla, mkojo mwingi na kukonda kwa mtoto inaweza kua kisukari kile cha watoto kinachohitaji insulini, na kikichelewa kinampeleka kwenye koma. Usimchape kwa kukojoa kitandani na usimnyime maji. Likiwa joto tu tutashukuru.

Asalaam aleikum. Mimi ni mzaliwa wa Pemba niko Maskati nafanya ujenzi. Tunakunywa maji mengi sana lakini jioni misuli ya miguu na tumbo inakakamaa mpaka nalia. Wenzangu wanasema nile chumvi kijiko.

Waaleikum salaam. Kijiko cha chumvi kikavu usile, kitakutapisha na kukuzidishia kiu, ila wenzako wamekaribia ukweli. Jasho ni maji na chumvi, angalia fulana yako ikikauka, ile mistari myeupe ndo inayokukakamaza. Ukirudisha maji matupu siku nzima unarudisha nusu ya kilichotoka. Kazi ya jua kali kunywa kikombe kimoja kila dakika 15 mpaka 20 hata kiu haijafika, usizidishe kama lita moja na nusu kwa saa moja, na mchana kula chakula chenye chumvi, wali na mchuzi wa samaki, usipitishe kwa soda na mkate. Jasho likiwa la masaa mengi badilisha chupa moja mbili ziwe ORS, na ikikosekana tengeneza, lita moja ya maji safi, vijiko vya chai sita vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chai cha chumvi, usikadirie kwa jicho.

Na unajua haki yako, Oman kuanzia Juni mpaka mwisho wa Agosti kazi za juani zinasimama kuanzia saa sita na nusu mchana mpaka saa tisa na nusu. Muda huo lala kivulini. Mwenzio akianza kuongea ovyo, mwili unawaka kama pasi, kuyumba, hiyo sio ya kumpa maji ya kunywa tu, mvueni nguo, mwagieni maji mwili mzima mumpepee na ambulansi iitwe palepale.

Nimejifungua, mtoto ana miezi mitatu. Mama mkwe amekuja toka Tabora anampa maji kijiko asubuhi na jioni anasema koo linamkauka na hili joto. Naogopa kumkatalia.

Mwanangu, mwambie kwa heshima kwamba nesi amekataza, nibebeshe mimi lawama. Mpaka miezi sita maziwa ya mama peke yake, na maziwa hayo karibu asilimia 88 ni maji kwahiyo ukimnyonyesha umemnywesha. Joto likizidi mnyonyeshe mara nyingi zaidi, utaona mwenyewe ananyonya kidogokidogo na kuachia, anakata kiu. Kile kijiko kinajaza tumbo dogo anaacha kunyonya, kinaweza kumletea kuhara, na kikizidi figo zake changa hazijui kutoa, chumvi ya damu inashuka. Kikombe alichokishika mama mkwe mwambie akuletee wewe, anaenyonyesha anahitaji kama mililita 700 zaidi ya kawaida yake, glasi moja kila unapokaa kunyonyesha inatosha kabisa. Hapo nae atakua amepata kazi na roho itatulia.

Ngoja nipitie za fupifupi. Chai na kahawa zinahesabika, zinakojoza kidogo lakini maji yanayobaki mwilini ni mengi kuliko yanayotoka, sukari ya vijiko vinne ndo shida. Maji ya baridi hayagandishi mafuta tumboni, mwili unayapasha moto yakifika. Kunywa wakati wa kula hakuharibu mmeng'enyo. Wenye siko seli msisubiri kiu, kukaukiwa kunaamsha maumivu. Na wazee wetu kiu yao inapungua na umri, bibi akisema hasikii kiu usimwamini moja kwa moja, mpe kikombe mkononi, isipokua kama daktari amempangia kiasi. Hilo linanipeleka kwenye ya mwisho.

Shikamoo. Baba yetu ana miaka 67 yuko Morogoro, figo zimefeli, anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Shemeji yetu kamletea dumu na madafu, anasema anywe kwa wingi figo ziamke. Baba anafurahi maana kiu inamtesa. Jana usiku alishindwa kulala chali, anahema akiwa amekaa.

Marahaba, na kabla hujamaliza kusoma piga simu kwenye kitengo anachosafishiwa, waeleze hilo la kuhema, asingoje siku yake ya zamu. Akishindwa kulala chali maji yameshaingia kwenye mapafu.

Figo zilizofeli haziamki kwa maji. Mtu asiyekojoa kila glasi anayokunywa inabaki ndani, kwenye miguu, tumboni, mwisho kifuani, mpaka mashine iitoe. Daktari wake atampa kiasi chake mwenyewe, wengi wanahesabu mkojo aliotoa jana na kuongeza kama nusu lita, na humo chai, uji, supu vyote vimo. Madafu ndo kabisa, yana potasiamu nyingi, figo nzima zinaitoa bila shida lakini kwa baba ikipanda inasimamisha moyo. Wenye moyo kushindwa kazi nao mara nyingi wanapimiwa maji, msiwape ushauri wa mitandaoni.

Kiu yake sio uongo, inatesa kweli, nimewashika mikono wanaume wazima wakiomba funda moja. Punguzeni chumvi kwenye chakula chake, dagaa wa chumvi na viungo vya pakiti viondoke, kiu itashuka yenyewe ndani ya siku chache. Asubuhi pimeni kiasi chake cha siku mkiweke kwenye chupa moja, akinywa anamimina kutoka humo, anaona kilichobaki. Kikombe kiwe kile kidogo cha kahawa. Anyonye kipande cha barafu, kinakaa mdomoni kuliko maji, asukutue na kutema, kipande cha limao kwenye ulimi kinasaidia pia.

Shemeji msimgombeze, kaja kwa mapenzi. Mwambieni dumu arudi nalo, na safari ijayo alete mizani ya kusimama, baba apimwe kila asubuhi kabla ya chai na namba iandikwe ukutani.